Ama Baada ya Salamu

Titye, Jumapili, 6 Oktoba 1996

Mvua ya kwanza imenyesha padre akiwa anahubiri. Nusu ya kanisa wakatoka mbio kwenda kuanua mihogo. Mimi sikutoka. Mihogo yangu niliianua jana, maana mimi naangalia mawingu, siangalii jirani anafanya nini.

Naandika kwa penseli. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na mwandiko wangu ulisifiwa mbele za watu. Shemeji yangu Tharsisi alikataa, alisema kisomo ni cha wanawake. Leo akipata karatasi yoyote anaileta huku huku kwa mwanamke. Nimeamua kuandika kwa sababu msimu huu nataka jibu, na watu wa nyumba hii wana tabia ya kusahau walichosema.

Jibu ninalotaka ni moja. Binti yangu Epifania yuko hai au hayuko. Aliolewa ng'ambo, Burundi, na mtu anaitwa Reverien. Vita vilipoanza mwaka 93 wakapotezana njiani. Mume akakimbilia huku kwetu, yuko kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Mke akakimbilia Zaire na mimba tumboni. Tangu hapo kimya. Watu walisema alionekana Uvira. Watu wanasema mengi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimelima. Mgongo unauma.

Jumatano, 9 Oktoba

Tharsisi amekuja, akakaa, akasifu uji wangu. Nikajua ana jambo. Huyu uji wangu hajausifu tangu kaka yake anioe.

"Shemeji," akasema, "mwaka wa tatu huu. Tumwekee Epifania matanga. Tufanye sasa, kabla mbegu hazijaingia zote."

Nayaandika hapa, maana atakana. Kwetu mtu ambaye habari ya kifo chake haijaletwa haliliwi. Ukimlilia, umekiita kifo kije kimchukue. Na akishatangazwa, ukoo mzima hauingizi jembe ardhini mpaka siku ya kumaliza matanga, na siku hiyo mama mzazi ndiye anapiga jembe la kwanza. Tharsisi hamfikirii Epifania. Anaogopa habari isije ikaja Novemba, katikati ya kupanda, mahindi yake yakae ghalani anayatazama.

"Nani amekuletea habari?" nikamwuliza.

"Habari yenyewe ndiyo kimya."

"Kimya si habari. Maliza uji uende."

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda zahanati ya misheni kwa mguu, mlima wote. Bruda Makarius ndiye mwenye mtambo wa redio. Juu ya paa ameweka mavyuma kama mifupa ya samaki, anayageuza kwa mkono kukifuata kile kidude chake angani. Mwenyewe anakiita setilaiti. Nilimwuliza ukubwa wake, akasema kinaenea kwenye kapu la maharage.

"Kapu langu au la jirani yangu Esteri?"

"La Esteri, Mama. Lile dogo."

Hakikutengenezwa na serikali wala jeshi. Kimetengenezwa na watu wa Ulaya wanaopenda redio basi tu, kama wengine wanavyopenda bao. Wanaume wazima. Kinaizunguka dunia hakipumziki, na kila siku kinapita juu yetu mara kadhaa, kila mara kwa muda wa kumenya ndizi za chungu kimoja. Kikipita Uvira, masista wa kule wanakirushia barua. Kinazishika. Kikipita kwetu kinaziachia. Posta ya Zaire imekufa na simu hakuna, ila hicho kinapita. Mwezi uliopita Bruda alipeleka swali langu. Epifania wa Titye, mke wa Reverien, mmemwona?

"Mpaka leo hawajajibu?"

"Watu wa kule ni wengi, Mama. Masista wanaulizia hema kwa hema."

"Waambie waulize kwa sauti. Epifania akiwa jikoni hasikii."

Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Jumapili, 20 Oktoba

Limekuja jibu. Nusu yake.

Bruda alinifuata na baiskeli baada ya misa, hata kofia kasahau. Amenakili kwenye karatasi kile kilichoshuka, nami nakinakili hapa kama kilivyo:

*Kwa mama yetu Maximilla wa Titye. Tunakusalimu sana kwa jina la Yesu. Tunamsalimu baba mdogo Tharsisi na nyumba yake yote. Tunamsalimu Esteri na miguu yake. Tunamsalimu Reverien kama mmemwona. Tunamsalimu padre. Tunamsalimu ng'ombe kama bado yupo. Tunawasalimu wote wanaotujua na wasiotujua. Ama baada ya salamu,*

Hapo imekatika. Bruda anasema barua inashuka vipande vipande. Kipande cha kwanza kilishuka, kidude kikazama nyuma ya mlima. Kingine kitashuka kesho asubuhi kikipita tena.

"Laiti wangeanza na habari," akasema.

Nikamkemea, bruda asiwe bruda. Nani anaanza na habari? Mtu hujapiga hodi, hujakaa, unatoa ulichobeba? Epifania nimemfundisha mwenyewe. Salamu kwanza, wakubwa, wadogo, wagonjwa, mifugo. Hii ni barua ya mtu aliyelelewa.

Nimeisoma mpaka penseli inataka kufutika. Esteri jirani yangu miguu yake imevimba tangu Epifania akiwa mdogo. Nani mwingine Uvira anaijua miguu ya Esteri? Ni yeye. Lakini inasema "tunakusalimu". Sisi nani? Yeye na mtoto? Au ni watu aliowaeleza habari za nyumbani, akawaambia nikifa mwandikieni mama, na msimsahau Esteri?

Kesho.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilidamkia misheni. Kidude kilipita. Hakikusema kitu.

Jumanne, 22 Oktoba

Kimya.

Jumatano, 23 Oktoba

Kimya. Bruda anasema labda ni betri ya kile kidude. Nikamwambia abadilishe. Akaniangalia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kimya. Nimepanda mahindi upande wa mtoni. Mvua nzuri, sina haja nayo.

Jumapili, 27 Oktoba

Redio imesema vita vimeingia Uvira. Watu wametawanyika, wengine milimani, wengine ziwani. Bruda anaita misheni ya kule kwa mtambo wake mwingine, hakuna anayeitika. Masista hawapo. Mtambo wao haupo.

Kwa hiyo barua yangu huko ilikoandikwa haipo, na huku ilikotumwa haipo. Iko mle ndani ya kikapu cha Esteri, angani.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo nimemwambia Bruda anieleze kama anamweleza mtu mzima, asinipake mafuta.

"Kimekufa, Mama."

"Kimeanguka wapi?"

"Hakijaanguka. Bado kinapita. Kitazunguka hivyo hivyo miaka mingi. Mimi na wewe tutakufa kikiwa kinapita."

"Kitu kilichokufa kinakosaje kuanguka?"

"Kule juu hakuna cha kukisimamisha."

Akanionyesha karatasi aliyoandika mapito yake. Saa nne na ushee leo, kutoka upande wa Kibondo kwenda ziwani. Tukatoka nje, tukasimama uani. Hakionekani, ni kidogo mno, tena mchana. Tukatazama tu. Manesi wakatuona, mmoja akauliza tunatafuta mvua.

Kilipita na barua yangu. Nikaipungia mkono. Sijui kwa nini. Wala nisiulizwe.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya kuwaombea marehemu. Tharsisi alikwenda kimya kimya kumpa katekista jina la Epifania lisomwe. Lilipofikiwa nikasimama katikati ya kanisa.

"Hilo lifute."

"Mama, tuko katika sala," katekista akasema.

"Sala iendelee. Jina lifute. Huyo ameniandikia barua juzi, bado sijaimaliza kuisoma."

Watu wakainama. Esteri akanivuta gauni. Katekista akaruka jina. Nje Tharsisi akanifokea eti nimemwaibisha. Nikamwambia aibu yake ni kubwa kuliko hiyo, hata kufunga vifungo vya shati hajui.

Jumapili, 10 Novemba

Reverien amekuja kutoka Mtabila. Amekonda. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho chini kama mkwe anavyotakiwa. Adabu anayo, sikatai.

"Mabukwe," akasema. Ndivyo wanavyomwita mama mkwe kule kwao. "Nimekuja kuomba Epifania awekewe matanga."

Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka. Kwamba alimpotezaje mke mwenye mimba, mtu humpotezi kama kijiko. Kwamba najua anataka nini. Mwanamume hawezi kuoa tena mpaka kwa mke wakamilishe matanga, na kambini wanawake wamejaa. Aseme tu anataka mwanamke wa kumsongea ugali.

 Akaomba kuiona barua. Nikamwambia karatasi yake iko misheni kwa Bruda, aende akaisome mwenyewe, ana miguu. Akasema asante, akaondoka.

Ugali nilikuwa nimeshaupika. Nikaula peke yangu.

Jumanne, 19 Novemba

Mahindi yameota. Maharage ya Epifania pia, yale mekundu aliyoacha mbegu. Kila mwaka naipanda ili isipotee.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua. Ng'ombe anakohoa.

Jumanne, 3 Desemba

Bruda amerudi kutoka Kibondo. Hospitali ya kule wana mtambo kama wake. Nao hawasikii kitu. Wao walikuwa wakikitumia kuomba dawa, sasa wanatuma dereva. Nilimwuliza wale wenye kidude wa Ulaya wanasema nini. Akasema wamesikitika, ila wameshakiandika kwenye orodha ya vilivyokufa.

Naona kila mtu ana orodha yake na kila mtu ana haraka.

Kutembea barabarani siku hizi nimekuwa kama kuku anayekunywa maji. Mapito nayajua kichwani, saa zikifika kichwa kinainuka chenyewe. Watoto wananiigiza. Mmoja nimemkamata sikio.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo Bruda ameniambia kitu.

Reverien huwa anakwenda pale misheni. Kila Alhamisi, tangu siku ile niliyomfukuza. Anatembea kutoka Mtabila asubuhi, anasimama nje ya ua wa zahanati, anasubiri kidude kipite. Haingii, anaona haya. Bruda akitoka na kutikisa kichwa, basi, anarudi. Salamu amezinakili, zimo kwenye mfuko wa shati.

"Wiki iliyopita hakuja," Bruda akasema. "Alisikia watu wa Zaire wanavuka ziwa wanashukia Kigoma. Akaenda. Alimtazama kila mwanamke aliyeshuka. Kila mwanamke, Mama. Na watoto wa miaka mitatu, akawa anawatazama masikio. Ukoo wao wote wana masikio ya aina moja."

"Akaona nini?"

"Masikio ya watu wengine."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nesi akaniuliza naumwa wapi.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Nimepika mchele. Kidude kilipita tukiwa kanisani.

Jumamosi, 4 Januari 1997

Tunavuna maharage. Esteri amekuja kusaidia, maana yake amekuja kukaa na kusema.

"Mimi mwenzenu miguu yangu imesalimiwa mpaka mbinguni," anasema. "Hata papa miguu yake haijafika huko."

Nilicheka. Kisha nikaona aibu kwa kucheka. Halafu nikaona hasira kwa kuona aibu. Maharage mekundu yamezaa vizuri kuliko mwaka jana, kana kwamba hayana habari.

Jumamosi, 18 Januari

Bruda alimtuma mtu mbio. Kimeamka.

Nilishuka na kupanda ule mlima kama msichana. Bruda akanipa yale masikio mawili ya kusikilizia. Kinalia. Sauti nyembamba, kama nyenje ndani ya kopo. Anasema betri imekufa kabisa, lakini kikiwa kwenye jua, jua lenyewe linakipa nguvu, kinasema. Kikiingia kwenye kivuli cha dunia kinazimika tena.

"Kinasema nini?"

"Kinataja jina lake."

"Na baadaye?"

"Jina lake tena."

"Bruda. Barua."

Akavua miwani, akaipangusa na kanzu, akaivaa, akaivua tena.

"Mama, kumbukumbu yake inashikwa na umeme. Umeme ukikatika hata mara moja, kilichokuwa ndani kinafutika. Kimeamka kitupu. Hakijui kama kiliwahi kubeba barua ya mtu."

"Kwa hiyo ilifutika lini?"

"Siku ile ile. Oktoba."

"Na ulijua?"

"Nilijua inaweza kuwa hivyo."

Oktoba, Novemba, Desemba. Nimepungia mkono debe tupu. Nilimwambia hivi, na sitoi hata neno moja: "Umenisalimu miezi mitatu, Bruda. Ungeanza na habari."

Akalia yeye. Mimi nikavaa tena yale masikio mpaka kile kidude kikazama, kikijitaja.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda misa. Nilikwenda kwa Bruda na karatasi niliyoandika mwenyewe.

"Hii itume."

Akasoma. Akaniangalia.

"Mama, hakiwezi kushika kitu. Hata kikishika, Uvira hakuna mtu."

"Sikukuuliza. Kikipita, kitupie."

Niliandika hivi, na sikuandika kingine:

*Epifania, uko hai? Anza na hilo. Salamu baadaye.*

Bruda aligonga herufi zake moja moja. Mimi ndiye niliyemfundisha yule mtoto kuwasalimu hata wasiotujua. Salamu zake zilijaza kipande kizima cha kwanza, habari ikabaki juu. Mtu angenitukana hadharani nisingeumia zaidi.

Kidude kilipita. Kilijibu jina lake.

Jumatano, 22 Januari

Mvua imekatika. Jua kali.

Jumapili, 26 Januari

Nimekwenda Mtabila. Sijawahi kuingia kambini, na sikutaka. Nilimkuta Reverien anaezeka turubai la jirani. Alishuka haraka, akatafuta kofia yake ili aivue.

Hana mwanamke. Nilichungulia, nakiri nilichungulia. Chungu kimoja, sahani moja, mkeka mmoja. Nikampa maharage mekundu niliyobeba. Akayajua. Akayageuza mkononi.

Akaanza kunisalimu, na nyumba, na Tharsisi, na ng'ombe. Nikamkatiza.

"Acha salamu, baba. Matanga unayatakia nini? Sema."

Akayatia maharage kwenye chungu chake.

"Mabukwe, nataka siku ya kulia. Basi. Watu hapa wamelia watu wao, wameamka, wanachota maji. Mimi nikisikia machozi yanakuja nakimbia, nisije nikamuua kwa kumlilia. Kama nina mtoto sijui. Kama ni wa kiume sijui. Siwezi kulia, siwezi kuacha. Hata kama ni makosa, mabukwe, hata kama yuko hai atanisamehe. Nipe siku."

Mwaka wa nne sasa nawafunga watu midomo. Nilidhani nimemshika Epifania asianguke. Niliyemshika ni huyu.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia aje Februari, na aoge.

Jumatatu, 27 Januari

Nimemwambia Tharsisi atwange uwele wa pombe. Tumalize kabla ya Kwaresima. Alifungua mdomo kusema kitu, nikamwambia aufunge.

Jumatano, 5 Februari

Tumetangaza. Esteri ndiye aliyepiga yowe la kwanza. Nilipolisikia nilitaka kumrudishia mdomoni.

Ijumaa, 7 Februari

Tunalala chini. Watu wanakuja. Hakuna kaburi wala nguo yake, kwa hiyo hawajui waelekee wapi. Wanakaa wamegeukia mlango.

Bruda alikuja akakaa nyuma kabisa. Anasema kidude bado kinaamka juani. Nikamwambia ahsante, asiniambie tena.

Jumapili, 9 Februari

Matanga yamekwisha leo.

Reverien amelia siku zote nne. Sijapata kumsikia mwanamume akilia vile, kama mtu anayetapika mawe. Tharsisi alitaka kumnyamazisha, eti watu wanaangalia. Nikamwambia mwache, amesubiri kuliko hiyo pombe yako. Leo asubuhi alinawa uso, akachota maji mwenyewe, ndoo mbili, akawapa watu wanawe mikono. Uso wake umekuwa wa mtu mwingine. Mdogo zaidi.

Mimi sikulia. Watu wameona na watasema, nawajua. Wao wamelia kama watu walioletewa habari. Mimi nililetewa salamu.

Halafu wakanipa jembe. Ukoo wote umesimama ukingoni mwa shamba, hakuna anayeruhusiwa kulima mpaka nipige mimi, na mawingu yanakuja, na mbegu za msimu wa pili ziko kwenye vikapu. Walikuwa wananiangalia mikono. Reverien peke yake alikuwa anaangalia chini.

Nikapiga. Udongo laini, umeshiba maji ya mvua ya juzi. Nikapiga mstari mmoja, nikatia maharage mekundu, nikafukia kwa mguu. Nyuma yangu nikasikia majembe mengine yote yanaingia.

Nimemrudishia Tharsisi jembe lake, nikamwambia mpini umelegea. Ilikuwa saa nne na ushee. Kile kidude kilikuwa kinapita.

Sikuinua kichwa.